«Rudi nyuma kidogo»: maneno ya mwelekeo katika kupiga picha penye maporomoko ya maji

Utangulizi

Siku za mapumziko familia nyingi za miji yetu hupenda kwenda kutazama maji yanayoanguka. Watu wa Kisangani wanayo maji ya Wagenya karibu kabisa na mji. Watu wa Kinshasa huenda Zongo, kwenye mto Inkisi. Sisi wa Haut-Katanga tunayo maporomoko ya Kiubo kwenye mto Lufira, na yale ya Lofoi katika Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu iliyoundwa mwaka wa 1970, ambako maji hushuka kutoka uwanda wa juu kwa kimo cha karibu mita 340. Anayekwenda huko hurudi na picha. Wengine husema wamekwenda kupiga picha, na katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambamo sauti g ya neno hili hutamkwa k, husema wamekwenda «kupika foto».

Makala hii haihusu picha zenyewe. Inahusu sentensi moja ambayo mpiga picha huitamka karibu kila mara kabla ya kubonyeza: «Rudi nyuma kidogo.» Penye ukumbi wa arusi sentensi hii haina madhara, anayeielewa vibaya atagonga kiti. Penye ukingo wa maporomoko mambo ni mengine. Mwamba umelowa, una ukungu wa kijani unaoteleza, na nyuma ya anayepigwa picha hakuna kiti.

Nitajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, neno «nyuma» lina utata ambao mandhari ya maporomoko huuongeza. Pili, kelele za maji huharibu sehemu fulani za sentensi kuliko nyingine, na kwa bahati mbaya huharibu ile inayobeba katazo. Tatu, lugha zetu zina njia nyingine za kuelekeza mtu, zisizo na utata huo, na tunaweza kuzifundisha. Somo la pragmatiki hulalamikiwa mara nyingi kuwa liko mbali na maisha. Hapa liko hatua mbili tu kutoka kwenye maji.

1. Mstari mmoja, migongo miwili

Tuanze na mpangilio wa watu. Picha nzuri ya maporomoko yenye mtu ndani yake karibu siku zote hupigwa kwa mstari ulionyooka: jua, mpiga picha, mtu, maji. Kuna sababu. Jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha, uso wa mtu hupata mwanga, na matone yanayoruka huweza kuonyesha upinde wa mvua. Upinde huo huonekana upande unaokabiliana na jua, kwa pembe ya nyuzi 42 hivi kutoka kwenye mstari unaoanzia kwenye jua na kupita kichwani mwa mtazamaji. Kwa hiyo anayeutaka upinde kwenye picha yake hana uhuru wa kusimama popote. Mwanga umekwisha kumpangia mahali, na pamoja naye umempangia mahali mtu anayepigwa picha.

Wakiwa wamekwisha kujipanga hivyo, kosa linalobaki kurekebishwa ni la umbali. Mtu akiwa karibu mno na simu hufunika maji. Akiwa mbali mno huwa nukta tu chini ya ukuta wa maji. Mpiga picha basi humsogeza mwenzake juu ya mstari uleule, au husogea mwenyewe. Maneno anayotumia ni mawili: mbele na nyuma.

Lakini watu hawa wawili wanatazamana. Mgongo wa mpiga picha umeelekea msituni, njiani, kwenye magari. Mgongo wa mwenzake umeelekea maji. «Rudi nyuma» ikipimwa kwa mgongo wa anayeambiwa, maana yake ni «sogea kwenye maji». Ikipimwa kwa mgongo wa anayesema, maana yake ni kinyume: «ondoka kwenye maji, uje upande wangu». Mpiga picha anayetaka kumwonya mtoto aliyekaribia ukingo anaweza kusema «rudi, rudi nyuma!» akiwa na maana hii ya pili, na mtoto aliyegeuka kumtazama anayemwita akatii kwa maana ya kwanza.

Kitenzi «rudi» chenyewe hakisaidii sana. Kurudi ni kwenda ulikotoka. Ikiwa mtoto ametoka upande wa mpiga picha, «rudi» peke yake inatosha na ni salama. Neno «nyuma» likiongezwa, kipimo kinahama kutoka safari aliyoifanya mtoto na kuingia katika mwili wake. Hapo sentensi inakuwa na vipimo viwili visivyopatana.

2. Nyuma katika lugha zetu za taifa

Utata huu si wa Kiswahili peke yake. Katika lugha nyingi za Kibantu neno la mahali pa nyuma limetokana na jina la sehemu ya mwili, yaani mgongo. Kibemba, kinachosemwa na watu wengi katika mkoa wetu, kinaonyesha jambo hili waziwazi: «inuma» ni mgongo, na «kunuma» ni nyuma. Ukilinganisha lugha zetu nne za taifa utaona Kiswahili kina «nyuma», Kiluba «nyima» (kunyima, panyima), Kikongo «nima», na Lingala «nsima». Kwa upande wa mbele Kiluba kina «kumpala», ambamo «mpala» ni uso. Neno letu «mbele» nalo wanaisimu hulihusisha na mzizi wa zamani wa Kibantu uliokuwa na maana ya ziwa la mama, yaani kifua.

Maneno haya basi yamezaliwa kutoka mwilini, na mwili hugeuka. Mti hauna mgongo, jiwe halina kifua. Tunapozungumzia vitu hivyo hatuna budi kuazima mwili wa mtu fulani. Swali ni mwili wa nani.

Tuongeze na matumizi ya wakati. Katika Kiswahili cha Kongo «mbele ya» hutumika sana pale ambapo watu wa pwani wangesema «kabla ya», na «nyuma ya» pale ambapo wangesema «baada ya». Kwetu mtu husema «nyuma ya siku tatu» bila kumshangaza yeyote. Lingala hufanya vivyo hivyo kwa «liboso» na «nsima», na Kiluba kwa «kumpala» na «panyima». Kwa hiyo mpiga picha anayesema «wewe nyuma» kwa watu wanaosubiri zamu anaweza kueleweka kwa namna tatu: simama nyuma ya wenzako, sogea kinyumenyume, au subiri, utapigwa baadaye. Katika kundi la watu kumi juu ya mwamba mmoja, maana tatu ni nyingi.

3. Vipimo vitatu vya mwelekeo

Karl Bühler, katika kitabu chake cha mwaka wa 1934 kuhusu nadharia ya lugha, alieleza kwamba maneno kama hapa, sasa na mimi yana kitovu chake katika msemaji. Charles Fillmore aliliendeleza jambo hilo katika mihadhara yake ya mwaka wa 1971. Baadaye Stephen Levinson na wenzake walilinganisha lugha nyingi za dunia na kutofautisha vipimo vitatu ambavyo watu hutumia kusema kitu kiko wapi.

Kipimo cha kwanza ni cha kitu chenyewe. Nyumba ina mlango, kwa hiyo ina mbele yake, popote nilipo mimi. Maporomoko nayo yana uso: ule upande tunaoutazama, maji yanakoangukia. «Simama mbele ya maporomoko» ni sentensi inayoeleweka vizuri ikiwa tuko chini. Ikiwa tuko juu, kama wale wanaoitazama Lofoi kutoka kwenye ukingo wa uwanda, mambo yanageuka. Hapo mto unakuja kutoka nyuma yetu na kwenda mbele, na «mbele» ya mto ni hewa tupu.

Kipimo cha pili hutegemea mtazamaji. Mpira ulio kati yangu na mti, nitasema uko mbele ya mti, kana kwamba mti umenigeukia. Lakini si lugha zote zinazofanya hivyo. Katika Kihausa imeelezwa kwamba mti huchukuliwa kana kwamba unatazama kule ninakotazama mimi, kama mtu aliyenitangulia njiani. Basi kilicho ng'ambo ya mti ndicho kilicho mbele yake. Wasomaji wa jarida hili wanaosema lugha mbili au tatu za nyumbani wajiulize wenyewe: mpira huo katika lugha ya bibi yako uko wapi?

Kipimo cha tatu hakitegemei mwili wa mtu wala uso wa kitu. Hutegemea dunia yenyewe: mawio na machweo ya jua, mlima na bonde, mto na mkondo wake. Wasemaji wa Kitzeltal wa Tenejapa, huko Meksiko, hutumia upande wa mlimani na upande wa bondeni hata wanapozungumzia vitu vilivyo juu ya meza. Watu wa mito wa nchi yetu hawana haja ya kwenda Meksiko kupata mfano. Lingala ina «ngele», upande maji yanakokwenda, na «likolo», upande yanakotoka. Msemaji wa Kisangani anayeijua Lingala na Kiswahili ana kipimo hiki tayari mdomoni. Mtu anaweza kugeuka mara kumi juu ya mwamba, ngele haitageuka.

Kipimo hiki cha tatu ndicho chenye usalama zaidi penye maporomoko, kwa kuwa hatari yenyewe imepangwa kwa mkondo. Ajuaye ngele iko wapi anajua pia akiteleza atapelekwa wapi. Kiswahili hakina neno moja fupi kama «ngele» linalojulikana na wote, lakini kina sentensi: «upande maji yanakotoka», «upande maji yanakokwenda». Ni ndefu, na urefu wake unatuleta kwenye kelele.

4. Kelele ya maji na kiambishi -si-

Mwaka wa 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo kila mtu wa sokoni analijua: penye kelele, msemaji huongeza sauti bila kukusudia. Kinachovutia mwanafunzi wa fonetiki ni kwamba hatuongezi sauti zote sawasawa. Tunachoweza kupaza ni irabu. Tukipiga kelele kwa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo ndiyo yenye mkazo, hurefuka na kupanda: nyuuuma, mbeeele. Konsonanti zisizo na mtetemo wa nyuzi za sauti hubaki vilevile, dhaifu.

Konsonanti s ni mfano mzuri. Sauti hii kwa asili yake ni kelele ya hewa inayopita kwenye nafasi nyembamba, na nguvu yake kubwa iko kwenye masafa ya juu, kiasi cha Hz 4,000 na kuendelea. Maporomoko nayo hutoa kelele iliyotandaa, kutoka masafa ya chini hadi ya juu. Kelele ndogo ndani ya kelele kubwa haisikiki.

Sasa tuangalie sarufi. Mpiga picha anamwona mwenzake akianza kurudi kinyumenyume. Anapiga kelele: «Usirudi nyuma!» Mkazo wa kitenzi uko kwenye -ru-. Silabi -si- iko kabla yake, haina mkazo, ina konsonanti tuliyokwisha kuiona kuwa dhaifu mahali hapa, na irabu fupi. Ikimezwa na maji, kinachomfikia msikilizaji ni: «…rudi nyuma!» Yaani amri kamili, sahihi kwa sarufi, yenye maana iliyo kinyume cha ile iliyokusudiwa.

Vitenzi vingine havitoi msaada mkubwa. «Usogee» na «usisogee» vinamalizika kwa irabu ileile, na tofauti yote imewekwa kwenye -si-. Katika vitenzi vya asili ya Kiarabu kama rudi, irabu ya mwisho haibadiliki kamwe, kwa hiyo hakuna alama ya pili ya kusaidia. Kifaransa, ambacho wengi wetu tunakichanganya humo, huweka «pas» baada ya kitenzi, nalo neno hilo lina irabu ya wazi inayoweza kupazwa. Sisemi kwamba Kifaransa ni bora. Nasema kwamba kila lugha imeficha katazo lake mahali fulani, na sisi tumelificha mahali ambapo maji hufika kwanza.

Hitimisho la sehemu hii ni rahisi: penye maporomoko, katazo ni sentensi mbaya. Lisemwe jambo linalotakiwa kufanywa, si lile lisilotakiwa. «Simama!» ina mkazo kwenye -ma-, na ikipoteza s yake ya mwanzo bado hubaki «…imama», ambayo haifanani na amri nyingine yoyote ya kumpeleka mtu popote.

5. Heshima nayo ni sehemu ya tatizo

Hatuendi kwenye maporomoko na rika letu tu. Tunakwenda na mama, na shangazi, na mjomba, na pengine na wakwe. Mtu hamwambii mkwewe «simama!» kama anayemwamuru mtoto. Atasema: «Baba, naomba kama inawezekana msogee kidogo tu upande ule.» Sentensi hii ni nzuri mezani. Penye kelele, maneno yenye maana ya kuelekeza yamewekwa mwishoni kabisa, baada ya msururu wa maneno ya adabu, na «upande ule» bila kidole hauonyeshi chochote.

Hata hivyo lugha inatupa njia. Wingi wa heshima hauongezi neno. Huongeza kiambishi tu. «Njooni kwangu, baba» ina adabu yote inayohitajika na bado ni fupi. Katika Kiswahili chetu cha kila siku tungesema «baba, mukuye huku». Kitenzi cha kuja kina sifa moja kubwa: kitovu chake ni msemaji mwenyewe. Kuja ni kusogea kwangu, hata mwili wako uwe umegeukia wapi. Kati ya maneno yote ya mwendo yaliyotajwa katika makala hii, ndilo pekee ambalo kila anayeniona anaweza kulitii bila kuuliza mgongo wa nani.

Heshima inadai jambo jingine pia. Wavuvi wa Wagenya, wanaosimamisha miti mikubwa katikati ya maji yaendayo kasi na kuning'iniza humo mitego yenye umbo la pia, wako kazini. Kumpiga mtu picha na kupiga picha ya mahali ni vitendo viwili, na sarufi yetu inajua hivyo: «nimempiga picha» ina -m- ya mtu, na mtu huombwa ruhusa. «Nimepiga picha ya maji» haina. Mwanafunzi anayeandika «nimepiga picha ya mvuvi» amemficha mtu huyo ndani ya mandhari.

6. Pale, kule, mle

Kiswahili kina ngeli tatu za mahali, na lugha nyingi za Kibantu zinazo vilevile: pa- ya mahali maalumu, ku- ya eneo au upande, mu- ya ndani. Katika Kiswahili cha Lubumbashi huonekana pia kama maneno yanayotangulia nomino, «pa jiwe», «ku maji», «mu gari», badala ya kiambishi -ni cha mwisho.

Mpiga picha hutumia ku- zaidi: «simama kule», «sogea huku». Ku- inaonyesha upande bila kusema mwisho wake uko wapi. Pa- inaonyesha nukta. «Simama pale penye jiwe jeusi» ina mwanzo na mwisho. Anayeitii atafika kwenye jiwe na kukoma. «Nenda kule kwenye mawe» haina mwisho huo. Tofauti ya kiambishi kimoja ni tofauti kati ya kufika na kuendelea.

7. Zoezi kwa ajili ya darasa

Levinson na wenzake walitumia mchezo wa picha za mtu na mti: watu wawili wanatenganishwa kwa pazia, mmoja anaeleza picha aliyonayo, mwingine anaitafuta kati ya zake. Tunaweza kuutengeneza wa kwetu kwa picha zilizomo kwenye simu za wanafunzi.

a) Kila mwanafunzi achague picha nne za matembezi ya familia penye maji, ambamo mtu yuko mahali tofauti kuhusiana na maji: anatazama maji, ameyapa mgongo, yuko kando, yuko juu. Wenye picha wakubali zitumike.

b) Anayeeleza atumie lugha ya nyumbani kwao, na anayetafuta awe msemaji wa lugha hiyohiyo. Maneno yarekodiwe na kuandikwa.

c) Kila neno la mwelekeo liwekewe alama ya kipimo chake: kitu chenyewe, mtazamaji, au dunia. Maneno ya kushoto na kulia yaangaliwe kwa makini, maana picha ya kujipiga mwenyewe katika simu nyingine hugeuzwa kama kioo.

d) Zoezi lirudiwe huku redio ikitoa mvumo usio na stesheni. Tuone ni silabi zipi zinazopotea kwanza, na kama -si- ni mojawapo kama nilivyodai katika sehemu ya 4. Dai hilo linasimama juu ya hoja ya fonetiki. Zoezi hili litalijaribu.

Hitimisho

Kutokana na hayo yote, maagizo ya mtu anayeshika simu penye maporomoko yanaweza kufupishwa hivi. Kama kuna haja ya kubadilisha umbali, asogee mpiga picha mwenyewe, na kwanza ageuke aone anakokwenda, kwa kuwa yeye naye ana nyuma yake. Neno la kumsogeza mwenzake liwe «njoo» au «kuya», si «rudi nyuma». Mahali patajwe kwa pa- na kwa kitu kinachoonekana. Hatari ikitokea, iwe «simama», si «usi-» ya kitenzi chochote. Na kabla ya kukaribia maji, kundi likiwa bado kwenye magari ambako sauti inasikika, mmoja aonyeshe kwa mkono: maji yanatoka huku, yanakwenda kule.

Hakuna neno geni katika orodha hiyo. Yote tulikuja nayo kutoka nyumbani.